Aliyetumwa Sokoni

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeitandika ardhi, akateremsha mvua kutoka mawinguni, akaotesha kwayo nafaka, mboga na matunda, viwe riziki yetu na malisho ya wanyama wetu. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, jamaa zake, Masahaba wake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Enyi Waislamu! Tunajiusia sisi wenyewe kwanza, kisha tunawausia ninyi mlioketi mbele yetu hapa Mfaranyaki, na ninyi mnaotusikiliza redioni majumbani, madukani na safarini, tumche Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Leo ni Ijumaa, na wengi wetu tumekwisha kusoma Suratul Kahf, au tutaisoma kabla jua halijachwa. Tunawasoma wale vijana walioikimbiza imani yao pangoni, wakalazwa humo miaka 309. Aghalabu tusikiapo kisa chao, fikira zetu huenda kwenye ule usingizi mrefu, na kwa yule mbwa wao aliyenyoosha miguu yake kizingitini. Wachache ndio wanaosita kwenye aya ya 19 wakajiuliza: walipoamka, walifanya jambo gani la kwanza? Walimtuma mwenzao mmoja sokoni. Walimpa sarafu ya fedha waliyokuwa nayo, wakamwagiza aende mjini, atazame ni chakula gani kilicho safi zaidi, awaletee riziki katika hicho, na awe mpole katika mwendo wake ili mtu asiwatambue.

Tuzingatie hali yao. Walikuwa na njaa, na walikuwa na hofu, kwani walijua kuwa wakigunduliwa watapigwa mawe. Mtu mwenye njaa na hofu husema, "Leta chochote." Wao hawakusema chochote. Hawakusema kingi, wala hawakusema cha bei nafuu. Walitaka kilicho safi. Wafasiri wamelieleza neno hilo kwa namna zaidi ya moja: wapo waliosema ni kilicho halali zaidi, na wapo waliosema ni kilicho bora na kitamu zaidi. Sisi hatuoni ugomvi baina ya kauli hizo. Chakula chaweza kuwa halali kwa jina lake kisha kikaharibika kwa hali yake, na chaweza kupendeza machoni kumbe kimepatikana kwa vipimo vya dhuluma. Yule kijana alitumwa akague yote mawili.

Huenda akatokea mtu akasema: Je, mimbari ni mahali pa kuzungumzia unga na mboga? Si mambo hayo ya akina mama jikoni? Mwenye kusema hivyo na aisome Suratu Abasa kuanzia aya ya 24, aone jinsi mwanadamu anavyoamrishwa akitazame chakula chake, kisha akatajiwa mvua inavyomiminwa, ardhi inavyopasuka, nafaka, zabibu, mboga, zeituni na mitende. Na Bwana Mtume (S.A.W.) hakuona haya kuzungumza habari za kitoweo. Jabir bin Abdillah (R.A.) amesimulia kuwa siku moja Mtume aliwauliza watu wa nyumbani kwake kama wana kitoweo, wakamwambia hawana ila siki. Akaagiza iletwe, akawa anakula huku akiisifu. Kitu kilichokuwamo nyumbani, cha bei ndogo, kikasifiwa na mbora wa viumbe, na Jabir akasema kuwa tangu siku ile aliipenda siki.

Na Sahl bin Saad (R.A.) aliulizwa kama Mtume alipata kula mkate wa unga mweupe uliochekechwa. Akajibu kuwa hakuuona tangu alipopewa utume mpaka alipofariki, na kwamba wao hawakuwa na chekeche: wakisaga shayiri yao, wakiipuliza, makapi ya kuruka yakaruka, na yaliyosalia wakayakanda wakala. Hiyo, ndugu zanguni, ndiyo dona. Nasi leo tumefika mahali ambapo mgeni akija nyumbani, mama mwenye nyumba huona aibu kumwekea ugali wa dona. Humtuma mtoto mbio dukani akanunue kilo mbili za sembe, unga uliokobolewa hata haukusaliwa na kitu ila weupe wake.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Mkoa wetu huu wa Ruvuma unahesabiwa miongoni mwa mikoa inayoilisha nchi. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una kanda yake hapa hapa Songea kwa sababu ya wingi wa mahindi yetu. Mbinga yatuletea maharage, Tunduru yatuletea mchele na korosho, na kutoka Mbamba Bay twaletewa dagaa na samaki wa Ziwa Nyasa. Mvua zikianza, wapo watu porini wanaochuma uyoga wakaupanga mafungu kando ya barabara. Majani ya maboga, matembele, mlenda, karanga, ufuta: mwenye kapu na senti chache hatoki sokoni mikono mitupu. Lakini uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika mkoa huu uliojaa chakula, watoto asilimia 35.6 walio chini ya umri wa miaka 5 wana udumavu, yaani ni wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya lishe duni ya muda mrefu. Wastani wa Tanzania nzima ulikuwa asilimia 30. Majirani zetu wa Njombe na Iringa, nao ni wakulima wakubwa, hali yao ni nzito zaidi. Ghala limejaa, na mtoto anadumaa mlangoni pake. Sababu zake ni nyingi, na waganga wamezieleza: kula aina moja ya chakula mchana na usiku, maji machafu, maradhi ya kuhara, mama mjamzito kufanyishwa kazi bila kupumzika. Sisi leo tunataka kuishika moja tu, kwa sababu imo mikononi mwetu, na kwa sababu inaingia moja kwa moja katika hukumu za dini yetu.

Baada ya darsa ya alasiri, akina mama hutuletea maswali yao. Kila mwaka mavuno yanapomalizika, lipo swali linaloturudia kwa sura mbalimbali. Mama mmoja alilieleza hivi: "Sheikh, mume wangu amevuna gunia 14. Gunia 12 nzuri amewauzia wenye malori. Mbili zilizonyeshewa shambani ameziacha ndani, ndizo chakula chetu. Nikichambua, karibu theluthi ni nyeusi na za kijani. Nikizitupa, ananiambia ninaifuja neema ya Mwenyezi Mungu. Nikizipika, moyo wangu unakataa. Nifanye nini?"

Ndugu Waislamu, swali hili si dogo. Ndani yake mna haki ya mke, mna haki ya watoto, mna maana ya israfu, na mna uhai wa watu. Kwa hiyo tulijibu kwa urefu, na leo tunalijibu mbele yenu nyote.

Kwanza, ni kitu gani kilichomo katika mahindi yale? Kuvu inayoota juu ya mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu huzaa sumu ambayo wataalamu wetu wameipa jina la sumukuvu. Kuvu yenyewe pengine huonekana kwa rangi yake, lakini sumu haionekani, haina harufu wala ladha. Na jambo linalowadanganya wengi ni hili: moto wa jikoni hauiondoi. Ugali ukasongwa ukaiva, makande yakatokota tangu asubuhi hadi adhuhuri, sumu imo vilevile. Hulishambulia ini. Ikiingia kwa wingi huua kwa siku chache, na ikiingia kidogo kidogo kwa miaka huleta saratani ya ini, na wataalamu wanaihusisha pia na kudumaa kwa watoto. Mwaka 2004 huko mashariki ya Kenya watu 317 waliugua kwa kula mahindi ya namna hiyo, wakafa 125. Hapa kwetu, mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, waliugua watu 68, wakafa 20. Waliokufa hawakula sumu ya panya. Walikula ugali wa nyumbani kwao. Na mwezi wa Machi mwaka 2021 jirani zetu wa Kenya waliyazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja hiyo hiyo ya sumukuvu, malori yakakwama mpakani, na mkulima wa Songea asiyekuwa na kosa akaipata hasara pamoja na mwenye kosa.

Basi je, kuyatupa mahindi hayo ni israfu? Israfu ni kukipoteza kitu chenye manufaa. Mahindi yaliyooza yametoka katika hukumu ya neema yakaingia katika hukumu ya madhara, na Mwenyezi Mungu ametukataza katika Suratul Baqara, aya ya 195, kujitia wenyewe katika maangamizi kwa mikono yetu. Mama aliyechambua akatupa hakufuja. Aliyefuja ni yule aliyeyaacha mahindi shambani mpaka mvua ikayakuta, au akayamwaga juu ya udongo mtupu, au akayafunga kwenye gunia yangali mabichi kwa haraka ya kuuza. Hapo ndipo neema ilipotupwa, na mama wa watu hakuwapo.

Ama mume aliyeuza mazuri akawaachia wanawe mabovu, na aijue hukumu yake. Mwenyezi Mungu amemlazimisha baba, katika Suratul Baqara, aya ya 233, kuwalisha na kuwavisha kwa wema. Bwana Mtume naye ametufundisha kuwa inamtosha mtu kuwa ni mwenye dhambi kwa kuwapoteza wale ambao riziki yao imo mikononi mwake. Kuwalisha kwa wema hakupatikani kwa kuwapa kile ambacho mwenye lori amekikataa. Ndugu yetu huyu ametafuta fedha, naye ana haki ya kutafuta fedha. Ada ya shule, mbolea na bati vyote vinamngoja. Lakini hesabu yake inaanzia mahali pasipopaswa. Ghala la nyumba hutengwa kwanza, katika yale mazuri, kwa idadi ya midomo mpaka mavuno mengine, kisha kinachozidi ndicho mali ya soko.

Na asije mtu akasikia maneno haya akatoka akafanya kinyume chake: akaweka mazuri nyumbani, akayafunga mabovu katikati ya gunia akayapeleka sokoni. Mnakijua kisa cha Mtume alipopita penye rundo la nafaka katika soko la Madina. Alitia mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Akamuuliza mwenye nafaka kulikoni. Yule bwana akasema imepatwa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini basi hakuiweka ile mbichi juu, watu wakaiona. Kisha akajitenga na kila mwenye kudanganya. Tazameni alivyokwenda. Hakutosheka na uso wa rundo. Aliingiza mkono. Na yule mwuzaji hakuwa ameiba, wala hakuinyeshea yeye nafaka yake. Mvua ni ya Mwenyezi Mungu. Kosa lake lilikuwa ni kuificha.

Wanunuzi nao wajifunze kwa mkono ule. Mtu huenda gengeni akanunua karanga za kusagia mboga zilizokwisha kusagwa, nyekundu na nyeupe zimechanganyika, haijulikani zilikuwaje zilipokuwa nzima. Karanga ndiyo inayoshikwa na kuvu upesi kuliko nafaka nyingi. Mwenye nafasi na anunue karanga nzima, azimwage katika ungo, atoe zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zilizovunjika, azikaange, azitwange mwenyewe. Hali ni hiyo hiyo kwa unga wa lishe wa watoto, ule unaochanganywa mahindi, ulezi, soya na karanga. Mchanganyiko huo ni mzuri, lakini kiungo kimoja kibovu kinaviharibu vyote vitatu vilivyosalia, na anayenyweshwa uji wake ni mtoto wa miezi minane asiyeweza kusema, "Mama, huu unanidhuru."

Hapa yatupasa tuirudie ile dona tuliyoisifu. Dona ni bora kuliko sembe ikiwa nafaka yake ni safi. Lakini sumukuvu hukaa zaidi katika ganda na kiini cha punje, navyo ndivyo vinavyoondoka mahindi yakikobolewa. Kwa hiyo mwenye kusaga dona ya mahindi yaliyooza anajilisha sumu yote, na mwenye kukoboa hajasalimika, amepunguza tu. Njia ni kuchambua kabla ya kwenda mashineni. Kuchambua kwa mkono, punje kwa punje, huondoa sehemu kubwa ya sumu, na hakuhitaji fedha ila saa za jioni na macho.

Je, macho ya nani? Bibi Fatma (R.A.), binti wa Mtume, alikuwa akisaga nafaka kwa mkono mpaka mikono yake ikaota sugu, akaenda kwa baba yake kutaka mtumishi. Mtume akamfundisha yeye na Sayyidna Ali badala yake ile tasbihi tunayoisoma wakati wa kulala. Wapo wanaume wanaokipenda kisa hiki wakakitumia kuwaambia wake zao wavumilie. Na wakisome pia kile alichokisema Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani. Alisema alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa Sala ukifika hutoka kwenda kusali. Mtume mwenyewe akihudumia, nasi twakaa barazani tukicheza bao mpaka adhana ya magharibi, ungo umelala kwa mama mmoja mwenye mtoto mgongoni! Baba akikaa na watoto wake jioni, ungo katikati, akawafundisha punje nzuri na punje mbaya, hakuna heshima iliyompungua. Na siku ile atakapoona kwa macho yake jinsi gunia zake mbili zilivyo, hatahitaji khutba nyingine.

Wakati wa mavuno una adabu zake, nazo ni nyepesi. Mahindi yaanikwe juu ya turubai au kichanja, yasilale juu ya udongo. Yasifungwe mpaka yakauke sawasawa. Asiye na kipimo cha unyevu na achukue chupa kavu ya kioo, atie punje kadhaa na chumvi iliyokauka, aitikise vizuri. Chumvi ikigandamana na ukuta wa chupa, mahindi bado ni mabichi, na ikianguka chini yote, yamekaribia. Mifuko ile ya kinga njaa, yenye tabaka za plastiki zisizopitisha hewa, inawazuia wadudu bila dawa, lakini ukiyafungia humo mahindi mabichi umeyahifadhi pamoja na uozo wake.

Na yaliyochambuliwa yakatoka mabaya yaende wapi? Hili ndilo lililobaki katika swali la yule mama, na hapa ndipo wengi hukosea. Wapo wanaowapa kuku na ng'ombe. Sumu huwadhuru kuku, na kwa ng'ombe hupita ikaingia katika maziwa, yakarudi mezani kwako katika kikombe cha chai. Wapo wanaowauzia wapika pombe, na huyo ameuza kitu kibaya kwa ajili ya kitu kiovu. Na wapo, Mwenyezi Mungu atuhifadhi, wanaosema, "Tusitupe, kuna maskini."

Enyi Waislamu! Aya ya 267 ya Suratul Baqara imeteremshwa juu ya jambo hili hasa. Watu wa Madina walikuwa wakileta vishada vya tende wakavitundika msikitini, wale Masahaba mafakiri waliokuwa wakikaa humo wakila kwavyo. Akatokea mtu asiyetaka kheri akaleta kishada kibovu, kilichosinyaa, akakitundika pamoja na vingine. Mwenyezi Mungu akawakataza waumini wasikusudie kutoa kilicho kibaya, kitu ambacho wao wenyewe wasingekipokea ila kwa kufumba macho. Kwa hiyo mwenye kuvuna mahindi yaliyofika nisabu, nayo ni kiasi cha kilo 650 hivi, yaani gunia sita na nusu, zaka yake ni sehemu ya kumi kwa mazao ya mvua, naye haitoi katika mabovu. Na wanazuoni wetu wa madhehebu ya Imamu Shafi wamesema kuwa nafaka ya Zakatul Fitri sharti iwe nzima, isiwe iliyobunguliwa wala iliyoharibika. Ile pishi moja ya Idi unayompa ajuza wa jirani na iwe katika gunia lile lile unalokula wewe. Mabovu yafukiwe ardhini, mbali na kuku na watoto.

Ninasema maneno yangu haya, na ninamwomba Mwenyezi Mungu atughufirie sisi nanyi. Mwombeni maghufira, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuhalalishia vilivyo vizuri na kutuharamishia vilivyo viovu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Masahaba wake wote.

Ndugu Waislamu, limebaki neno juu ya togwa, kwani hatuwezi kuzungumzia jiko la Songea tukaiacha. Togwa ni kinywaji chetu cha asili. Hunywewa shambani, arusini, matangani, na hupewa mgeni kabla hajaulizwa habari. Mama hupika uji, akaupoza ukawa vuguvugu, akatia kimea cha ulezi kilichosagwa, akaufunika ukalala; asubuhi umekuwa mwepesi na mtamu, kisha unaanza ukali kidogo. Huo ni ujuzi wa bibi zetu, wala hatuuonei haya. Watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, walishirikiana na wenzao wa Sweden kuuchunguza uji wa namna hiyo. Waliona kuwa kimea kidogo huufanya uji mzito kuwa mwepesi, mtoto akapata chakula kingi katika bakuli lile lile, na kwamba ule uchachu huvipunguza nguvu vijidudu vya kuhara. Mama anayemkinyia mwanawe soda ya dukani ilhali togwa imo ndani, amemnunulia sukari akamwachia lishe chunguni.

Lakini togwa ina siku zake. Ibn Abbas (R.A.) amesimulia kuwa Mtume alikuwa akirowekewa zabibu katika kiriba, akinywa maji yake siku ile, na kesho yake, na kesho kutwa mpaka jioni, kikisalia kitu baada ya hapo, huagiza kimwagwe. Haya ni maelekezo ya wazi kwa kila kinywaji kinachochachuka. Togwa ya jana ni halali bila shaka. Togwa iliyokaa siku nyingi kwenye ndoo, ikatoa povu na kumpeleka mnywaji kichwa, imetoka katika jina la togwa hata kama mwuzaji bado analitumia, na kinacholevya kwa wingi wake, hata kidogo chake ni haramu. Mwenye kuuza togwa msimbazi au penginepo na ajue siku aliyoipika. Na kimea chenyewe, kwa vile huotesha ulezi katika unyevu kwa siku mbili au tatu, ni rahisi kushikwa na kuvu. Kikiota manyoya ya kijani au meusi, kisianikwe kwa kutumaini kuwa jua litakitakasa. Kitupwe, na ulezi mwingine urowekwe.

Juu ya vipimo tutasema machache, kwani Suratul Mutaffifina imekwisha kusema mengi, na watu wa Nabii Shuaibu waliangamia huku wakiwa na masoko yaliyojaa. Ndoo iliyopanuliwa kwa moto wakati wa kumpimia mkulima, na sado iliyobonyezwa kitako wakati wa kumpimia mama wa nyumbani, ni wizi wa mtu mmoja kwa mikono miwili. Lumbesa ni haramu kwa sheria ya nchi, ambayo imeweka mwisho wa gunia kuwa kilo 100, na ni haramu kwa sheria ya Mwenyezi Mungu kabla ya hapo. Anayelazimishwa kushindilia gunia lake hadi likavimba mgongo kwa bei ya gunia moja, amedhulumiwa, hata kama amesema, "Chukua tu." Na dagaa waliokaushwa juu ya mchanga wapepetwe kabla ya kupimwa, kwani mchanga wa Ziwa Nyasa haukuwahi kuuzwa kwa kilo.

Ewe Mola wetu, tubarikie katika mashamba yetu, mvua zetu na jua la kuanikia. Wape baba zetu nguvu ya kutenga ghala la nyumba kabla ya kumwita mnunuzi. Walipe akina mama kwa kila punje waliyoichambua. Wakuze watoto wetu wa Ruvuma, viungo vyao na akili zao. Warehemu waliokufa kwa chakula walichodhani ni salama, na utuepushe sisi kuwa sababu ya kifo cha yeyote kwa tulichompimia, tulichompikia au tulichompa kwa jina la sadaka. Amin.

Simamisheni Sala.